Kitulizi cha lenzi, cha bodi au gimbali: kipi kwa video ipi?

Simama Mama Ngina, Mombasa, uipige video meli ya makontena inayoingia Kilindini kwa lenzi ya milimita 200. Kisha shusha hadi milimita 24 umpige muuza mihogo aliye hatua tatu mbele yako. Mkono ni uleule na unatikisika vilevile, lakini meli itakuwa inarukaruka kwenye skrini na muuza mihogo ametulia tuli.

Hesabu yake ni fupi. Mkono ukiinamisha kamera kwa nusu digrii, taswira inahama juu ya sensa (bapa la ndani linaloipokea picha) kulingana na urefu wa lenzi: kwa milimita 24 inahama karibu milimita 0.2, kwa milimita 200 inahama karibu 1.75. Kwenye sensa ya fremu kamili yenye upana wa milimita 36 inayorekodi 4K, hizo ni pikseli kama 22 kwa ile ya kwanza na 186 kwa ya pili. Kitulizi chochote, kikae ndani ya lenzi, nyuma yake kwenye bodi (kamera bila lenzi), au kiwe gimbali, yaani mpini wenye mota unaobeba kamera nzima, kazi yake ni kuurudisha mhamo huo kabla haujarekodiwa. Kila aina inaufikia kwa kiasi chake, na hapo ndipo pa kuchagulia.

Kuinama na kuhama

Kamera iliyo mkononi husogea kwa namna mbili, na wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni kuinama: lenzi kutazama juu na chini, kugeuka kushoto na kulia, au kamera nzima kulala ubavu. Ya pili ni kuhama: kamera inatazama palepale, lakini yenyewe imepanda, imeshuka au imesogea kando. Ukisimama, tatizo lako kubwa ni kuinama. Ukitembea, kila hatua inaongeza kuhama, hasa juu na chini.

Madhara ya kuhama yanategemea umbali wa unachokipiga. Chukua lenzi ya milimita 50 na pete ya bi harusi iliyo mita 1 mbele yako. Kamera ikihama milimita 5, taswira inahama robo milimita hivi kwenye sensa, na hilo jicho litaliona. Mhamo uleule ukiwa unapiga ukuta wa Fort Jesus kutoka mita 100, taswira inasogea milimita 0.0025, ambayo haifiki hata pikseli moja. Ndiyo maana video ya mandhari ya mbali husamehe mengi, na video ya karibu ya pete, hina au vidole vya mpiga qanun haisamehi.

Kitulizi cha lenzi

Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm OIS, Tamron VC, Sigma OS. Majina ni mengi, utaratibu ni mmoja: jairo ndogo ndani ya lenzi hupima kuinama, na sumaku za umeme husogeza kundi dogo la vioo upande unaotakiwa ili taswira ibaki pale ilipokuwa. Lenzi ya kwanza ya kubadilisha ya Canon yenye mfumo huu, EF 75-300mm, ilitoka mwaka 1995. Haikuwa bahati kwamba ilikuwa lenzi ndefu, kwa sababu huko ndiko shida iliko kubwa.

Nguvu yake ni kwamba kundi hilo la vioo limebuniwa kwa ajili ya lenzi hiyohiyo. Msogeo mdogo wa kioo unaweza kuleta mhamo mkubwa wa taswira, kwa hiyo milimita 1.75 za lenzi ya 200, au 3.5 za lenzi ya 400, haziitishi. Kwa mechi ya timu ya Bandari uwanjani Mbaraki, kwa ndege wa mikoko ya Tudor, kwa hotuba unayoipiga ukiwa nyuma ya ukumbi, hakuna kitu kingine cha kushika mkononi kinachoifikia lenzi ndefu yenye kitulizi chake.

Mapungufu yake yanajulikana. Hairekebishi kamera inapolala ubavu, kwa sababu kusogeza kioo juu, chini na kando hakuwezi kuizungusha taswira. Kuhama nako haikushughulikii, isipokuwa lenzi chache za kupigia vitu vya karibu, kama Canon EF 100mm f/2.8L Macro ya mwaka 2009, ambayo ina kipima mwendo cha ziada kwa kazi hiyo. Na ukitembea nayo, hatua zako zitaonekana zote.

Kuna pia sauti. Baadhi ya lenzi hutoa mvumo mdogo au mkwaruzo wakati sumaku zinafanya kazi, na maikrofoni ya ndani ya kamera iko sentimita chache tu kutoka hapo. Kwenye uwanja wa mpira hakuna atakayeusikia. Kwenye nikahi, kadhi akitamka ijabu (maneno ya kuozesha) kwa sauti ya chini na ukumbi umenyamaza, utausikia vizuri sana kwenye headfoni. Dawa ni kurekodi sauti mbali na kamera: kinasa kidogo mezani au maikrofoni isiyo na waya kwenye kanzu ya bwana harusi.

Kasoro inayowasumbua wapiga video kuliko zote, hata hivyo, ni kugeuza kamera. Unaanza kuizungusha polepole kuifuata dau inayopita, kitulizi kinadhani huo ni mtikisiko, kinaipinga. Vioo vinasogea hadi mwisho wa njia yao, havina pa kwenda tena, na taswira inaruka. Ukisimama ghafla mwishoni, picha inaendelea kuelea kidogo kabla ya kutulia. Ukiwa na lenzi yenye swichi ya hali, tumia hali ya 2, ambayo huacha mwelekeo unaougeuzia na kutuliza ule unaoukata tu. Isiyo na swichi hiyo, geuza kwa mwendo mmoja usiobadilika, shikilia sekunde 3 kabla ya kuanza na sekunde 3 baada ya kumaliza, halafu mhariri akate sehemu ya kuelea.

Kitulizi cha bodi

Hapa kinachosogea ni sensa yenyewe. Konica Minolta waliweka mfumo huu kwenye kamera ya lenzi za kubadilisha mwaka 2004, Olympus wakaleta mihimili mitano na E-M5 mwaka 2012, na Sony A7 II ikaipeleka mitano hiyo kwenye fremu kamili mwaka 2014. Mitano maana yake ni kuinama kwa aina zote tatu, pamoja na kuhama juu-chini na kando. Kamera ikilala ubavu, sensa inazunguka kuinyoosha. Lenzi haiwezi hilo.

Faida ya pili ni kwamba kila lenzi unayoifunga inapata msaada, hata ile kuukuu ya miaka ya 1970 uliyoinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini lenzi isiyo na mawasiliano ya umeme haiiambii kamera urefu wake. Lazima uuingize mwenyewe kwenye menyu, na uubadilishe kila unapobadilisha lenzi. Ukiacha 200 huku umefunga lenzi ya 50, sensa itasogea mara nne ya inavyotakiwa na video itayumba kinyume cha mkono wako. Wengi huilaumu kamera hapo, kumbe ni tarakimu moja ya menyu.

Sasa mipaka. Sensa ina nafasi ndogo ya kusogea ndani ya bodi. Milimita 0.2 za lenzi pana ni rahisi kwake, lakini 3.5 za lenzi ya 400 ni nyingi mno kurudiwa mara kwa mara. Kwa hiyo kadiri lenzi inavyorefuka, kitulizi cha bodi hudhoofika, na cha lenzi ndicho kinachobaki na uwezo.

Upande wa pili wa kipimo kuna kasoro yake: lenzi pana sana na pembe zinazocheza kama mlenda. Si kamera mbovu. Kwenye lenzi ya milimita 16 na fremu kamili, kuinama kidogo huhamisha taswira ya ukingoni kwa zaidi ya mara mbili ya taswira ya katikati. Sensa ni bapa moja. Ikisogea kiasi cha kuituliza katikati, kingo zinabaki na mtikisiko wao. Kwa milimita 50 tofauti hiyo ni asilimia 13 hivi, huwezi kuiona. Ndiyo sababu anayetembea kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na lenzi ya 16, kuta ziko karibu pande zote mbili na milango ya nakshi imejaa mistari iliyonyooka, hupata video ambayo katikati imetulia na kando inapumua. Nenda 24 au 28, au zima kitulizi cha bodi na uchukue gimbali.

Bodi nyingi za kisasa huunganisha vyote viwili: kwenye baadhi lenzi inabeba kuinama na sensa inabeba kulala ubavu na kuhama, kwenye nyingine zote mbili hushirikiana kwenye kuinama. Ukiwa na lenzi ya RF (ya kamera mpya za Canon) yenye swichi ya kitulizi kwenye bodi ya Canon yenye kitulizi chake, swichi hiyo moja huwasha na kuzima vyote. Ifunike kwa kipande cha gundi ya karatasi, kwa sababu kamera ikiingia na kutoka kwenye mkoba swichi husogea bila wewe kujua.

Na kile kiwango cha hatua (stops) 5, 7 au 8 kilichoandikwa kwenye boksi? Kinapimwa kwa picha za mnato: unaweza kupunguza kasi ya shata (pazia la kuingizia mwanga) kiasi gani na picha moja ibaki kali. Hakisemi chochote kuhusu fremu 25 zinazofuatana kila sekunde mtu akiwa anatembea. Usikitumie kulinganisha kamera za video.

Kitulizi cha kidijitali

Kamera hukata kingo za picha, kisha huisogeza fremu ndani ya ile iliyobaki. Ikikata asilimia 10 ya upana, lenzi yako ya 24 inakuwa kama 27. Hilo linavumilika. Tatizo zito ni mwanga. Ukirekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50, kila fremu ina ukungu wa mwendo wa mkono. Programu ikiituliza fremu, mwendo unaondoka na ukungu unabaki. Picha imesimama lakini inafifia na kurudi, kama mtu anayepepesa macho. Inahitaji angalau 1/100. Mchana ufukweni Nyali hilo ni rahisi. Usiku, taa za barabarani tu, itakulazimu kupandisha ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) hadi chembechembe zijae. Ukipandisha shata chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50, kaa kwenye 1/100, usiende 1/60 wala 1/125, maana baadhi ya taa zitamemetameta.

Njia nyingine ni kurekodi data ya jairo na kutuliza baadaye kwa programu kama Gyroflow. Matokeo yake ni mazuri sana, ila zima kitulizi cha lenzi na cha bodi kabla ya kurekodi. Data inaeleza bodi ilivyosogea. Kwa kawaida haijui vioo au sensa vilikuwa wapi wakati huo, kwa hiyo programu itarekebisha kile ambacho tayari kilikuwa kimerekebishwa.

Gimbali

Mota tatu zinashika kuinama kote kwa pembe kubwa ambazo hakuna kioo wala sensa inayozifikia. DJI RS 3 Mini inabeba hadi kilo 2, RS 3 hadi kilo 3. Pima bodi, lenzi, betri, maikrofoni na sahani ya kufungia kwa pamoja kabla ya kuchagua. Mizani ya dukani inatosha.

Gimbali haiondoi kupanda na kushuka. Mota zake huzungusha tu, hazinyanyui. Piga magoti kidogo, tanguliza kisigino, shusha wayo taratibu, viwiko karibu na mbavu. Mazoezi ya siku mbili tatu ya kwenda na kurudi kwenye korido yatakusaidia kuliko kununua gimbali ya bei kubwa zaidi.

Usawazishaji ufanyike gimbali ikiwa imezimwa, lenzi ikiwa na kila kitu chake, zumu ikiwa kwenye urefu utakaoutumia. Anza na mhimili wa kuinamisha: kamera ikitazama mbele isianguke mbele wala nyuma, kisha ielekeze juu, isianguke pia. Fuata wa ubavu, malizia wa kugeuza kwa kulaza mpini na kuona mkono haubembei. Ndipo uwashe na uiache ijipime nguvu za mota. Ukibadilisha lenzi, rudia yote. Mota zikitoa mtetemo wa haraka unaosikika kama nyuki, ama haijasawazishwa, ama nguvu zimewekwa juu mno. Kusi likivuma ufukweni, ondoa kofia ya lenzi ya kukinga jua, maana hukamata upepo kama tanga na mota hushindana nao hadi zinachoka.

Vitulizi vingine viwashwe juu ya gimbali? Kwa lenzi pana, zima. Gimbali inapogeuka taratibu kukufuata, sensa huona huo ni mtikisiko na kuupinga, kisha inaruka, ile kasoro ya kugeuza iliyotajwa juu. Kuanzia milimita 70 washa cha lenzi, kwa sababu mitetemo midogo ya hatua inayopita kwenye gimbali inaonekana kwenye lenzi ndefu na kioo kinaimudu.

Feri, tuktuk na bodaboda

Vitulizi vya lenzi na bodi hupima mwendo dhidi ya dunia, wala si dhidi ya unachokipiga. Kwenye feri ya Likoni, wewe na abiria wenzako mnasogea pamoja. Feri inapogeuka kukaribia gati, kitulizi kinajaribu kuishikilia kamera ielekee ilikokuwa, na abiria wanateleza kwenye fremu ingawa wamesimama wima. Ukipiga watu walio ndani ya chombo, zima. Ukipiga ng'ambo au meli inayopita, washa. Usiegemee reli wala usiweke kamera juu yake, mtetemo wa injini unapita moja kwa moja. Ndani ya tuktuk ni vivyo hivyo: unayempiga akiwa kiti cha mbele, zima; barabara ikiwa nje, washa na utumie lenzi pana. Kwenye ngalawa inayolala kwa digrii nyingi, kitulizi cha lenzi hakina msaada kwa upeo wa bahari unaoinama. Hapo ni gimbali, au kamera ndogo ya michezo inayoshikilia upeo.

Bodaboda ni suala la usalama wa kifaa. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa, simu ikiwa imefungwa kwenye usukani, unaweza kuharibu kitulizi cha kamera, na kwa injini ndogo wakashauri angalau kishikio kinachopunguza mtetemo. Sehemu zinazoning'inia kwa sumaku ndizo zilezile kwenye lenzi na bodi zetu. Mkoba uwe mgongoni, si kwenye sanduku la chuma nyuma ya kiti.

Kwenye stendi ya kamera ya miguu mitatu zima kitulizi. Lenzi za zamani husikia mota zao wenyewe na kuanza kuyumba. Mpya nyingi hutambua stendi, lakini bado zitakupinga ukigeuza kichwa chake. Nafasi moja ya kuacha kikiwa kimewashwa ni lenzi ndefu kwenye stendi nyepesi penye upepo, kwa kuwa hapo stendi yenyewe inatetemeka.

Kuchagua

Kwa anayepiga harusi, bodi yenye kitulizi pamoja na lenzi ya 24-70 ndiyo ya kununua kwanza, kwani muda mwingi unasimama na kusogea hatua mbili. Gimbali ije baadaye kwa maharusi wakiingia ukumbini, na inaweza kukodishwa kwa siku. Kwenye sherehe ya kina mama, mpiga video akibanwa kati ya viti na jukwaa, gimbali ni mzigo. Bodi peke yake itamfaa zaidi. Anayepiga mpira, wanyama au mikutano, pesa yake iende kwenye lenzi ndefu yenye kitulizi hata kama bodi haina. Anayeonyesha nyumba za kupanga au mitaa kwa lenzi pana anahitaji gimbali kabla ya vyote.

Ukiwa dukani, hasa ukinunua kifaa kilichokwishatumika, omba dakika kumi. Weka fremu 25, shata 1/50. Lenzi ikiwa kwenye urefu wake wa mwisho, rekodi sekunde 20 kitulizi kikiwa kimewashwa na 20 kikiwa kimezimwa, ukilenga bango lenye maandishi. Kisha geuza taratibu kutoka mlango hadi mlango. Kwa urefu mfupi zaidi, tembea hatua 15. Tazama kwenye skrini kubwa, macho yako yakiwa pembeni mwa fremu. Lenzi au bodi iliyozimwa ikigongagonga ndani ukiitikisa, hilo ni la kawaida kwa nyingi, sehemu ya ndani imeachiwa. Lakini ukiiwasha na kugongagonga kukaendelea, au taswira ikajivuta upande mmoja tu kila baada ya sekunde chache, mrudishie mwenyewe.